Kuteleza si Kuanguka: Watu Wetu kwenye Theluji ya Wenzetu

Kuna filamu fupi ya tangazo iliyotoka Kanada mwaka 2018, inaitwa The Away Game. Walioitoa ni Tim Hortons, wale wauza kahawa, na inawahusu Ice Lions, timu ya Nairobi inayocheza hoki ya barafu. Kisa chake chepesi. Vijana wana kiwanja kimoja kidogo cha barafu, ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, na hawana timu ya kushindana nayo. Wanaalikwa Kanada. Wamekaa chumba cha kubadilishia nguo, mara wanaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevaa jezi za Kenya. Vicheko, machozi, mechi, kwisha.

Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara inanishika. Ndivyo ilivyokusudiwa, na imefanya kazi yake vizuri. Lakini siye wasomaji wa hadithi tuna swali letu la zamani: ndani ya hadithi hii, nani anajua kufanya nini?

Crosby tunamjua kwa kazi. Goli lake la muda wa nyongeza dhidi ya Marekani, fainali ya Vancouver 2010, ndilo lililoipa Kanada dhahabu. Yeye na MacKinnon wote wametoka Cole Harbour, Nova Scotia, watu wa pwani kama siye. Wakiingia pale, ujuzi wao umetangulia mlangoni. Ice Lions je? Tunawajua kwa hamu. Wanapenda, wanatamani, wanashangaa. Filamu ikiisha siwezi kukuambia golikipa wao hodari kwa lipi, wala mtu anajifunzaje kugeuka kwa kasi kwenye barafu ya hotelini. Mgeni amekuja na fani yake, mwenyeji wa hadithi amekuja na moyo wake tu.

Umbo hili si geni. Cool Runnings ya mwaka 1993, ile ya Wajamaika wa Calgary 1988, ilishalizoesha: mtu wa jua anakutana na baridi, watu wanacheka, halafu wanalia. Hata habari za kweli huingizwa humo humo. Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za kilomita 10 za theluji kule Nagano, 1998. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit akafika wa mwisho, dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri pale mwisho wa mbio, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kumbatio lile zuri, sina ugomvi nalo. Ila angalia limemeza nini. Boit alikuwa mkimbiaji, na theluji alianza kuifundishwa Finland mwaka 1996 tu, kwa mpango uliodhaminiwa na Nike. Kwa hiyo ndani ya miaka miwili mtu mzima kajifunza upya jinsi ya kusukuma mwili wake mbele, na akarudi tena Salt Lake City 2002 na Torino 2006. Miaka kumi ya kazi. Sie tumebaki na kumbatio la sekunde chache, na hata humo anayetenda ni Mnorway.

Ni rahisi kuwalaumu wenye kamera. Mie naona na lugha yetu imo kwenye kesi. Hebu sema kwa Kiswahili mchezo anaocheza Sabrina Wanjiku Simader. Utasema “kuteleza kwenye theluji”. Sasa kuteleza kwetu ni nini? Ni ganda la ndizi. Ni ulimi uliosema lisilosemwa. “Bwana yule aliteleza,” maana yake alikosea. Mtu anashuka mlima kwa mwendo wa gari la barabara kuu, kila kipande cha njia amekichagua mwenyewe, nasi tunamwelezea kwa neno la bahati mbaya. Kabla sentensi haijaisha tumeshamwangusha.

Na Simader si wa mbali. Amezaliwa Kilifi. Kutoka Tanga unavuka Horohoro, unapita Mombasa, unaendelea kidogo juu. Akiwa mdogo alikwenda Austria na mama yake, na huko ndiko alikokulia kwenye theluji. Mwaka 2018, PyeongChang, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Mtoto wa pwani hii hii, ambako barafu ni ya kuwekea samaki na ya ubuyu kwenye kimfuko.

Hapo ndipo namkumbuka Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga. Alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, angeweza kutosheka na ajabu yake: muuza vyungu wa Unguja aliyefika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Ajabu ingetosha kuuza kitabu. Lakini wasifu kama fani hauridhiki na safari; unataka kujua mtu alikuwa fundi wa nini, na ufundi huo aliupataje. Kwa wanamichezo wetu wa theluji hatuna wasifu wa namna hiyo kwa Kiswahili. Tuna vichwa vya habari vya “ajabu”.

Watasema maneno hayapo. Jamani, mji wenyewe unaitwa Tanga! Lugha hii imelelewa na mashua. Ina omo na tezi, ina goshi na demani, ina kubisha: kukata upepo mshazari, huku na huku, mpaka ufike pale ambapo upepo hautaki ufike. Nani aliwahi kusema nahodha anayebisha “anateleza baharini”?

Basi mie ningejaribu hivi. Kwenye mashindano ya kupita milango ya bendera, mshindani hashuki moja kwa moja. Anaubisha mlima. Analalia ukingo wa ubao wake kama mashua iliyolala upande, uzito ameutia mguu wa nje, anakata kushoto, anainuka, anakata kulia. Akichelewa kugeuka, mlima unamtoa njiani, mlango unampita. Mvuvi wa Deep Sea akisomewa sentensi hizo ataelewa kinachofanyika, na huenda akakosoa, aseme hapo nimekosea upande. Nataka tufike kwenye ubishi huo, maana huwezi kubishana juu ya ajabu.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Tumezoea kulitumia kumfariji aliyekosea. Lakini mwaka 2024 Kenya ilipokewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, kwa hiyo wapinzani watakuja, na matokeo yatakuja, ya kushinda na ya kufungwa. Mtangazaji wa Kiswahili atahitaji kutuambia goli limeingiaje. Afadhali tuanze kumtafutia maneno sasa.