Tope la Butembo Lina Hesabu Yake

Mwaka 1881 Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul alipata hataza ya tangi lisiloingiza hewa, ambamo kinyesi huoza chenyewe na maji kutokea upande wa pili. Padri Moigno, aliyelitangaza kwa wasomaji wa sayansi, alilisifu kuwa linajimwaga lenyewe. Sifa hiyo haikuwa kweli, lakini imeishi kuliko wote wawili. Huko Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo ambako hakuna mtandao wa mabomba ya maji taka, wapo wenye nyumba wanaochimba tangi la namna hiyo, wakalifunika kwa zege, wakajenga juu yake na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Anayelipia imani hiyo mara nyingi ni jirani wa bondeni.

Fosi septiki, kama wajenzi wa huko wanavyoliita tangi hilo, kwanza hutuliza maji. Vizito huzama vikawa tope, mafuta na povu huelea juu, na katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu. Kisha bakteria wasiohitaji hewa hula tope hilo polepole. Hulipunguza, hawalimalizi: mchanga, nyuzi na mabaki magumu hulundikana chini mwaka baada ya mwaka. Maji ya katikati hutoka kwa bomba la umbo la T, lenye mdomo chini ya povu, yakaingia shimo la kunyonya lililojazwa mawe. Huko ndiko udongo unakokamilisha usafishaji ambao tangi haliwezi kuufanya.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1992 unakadiria lita 40 za tope kwa kila mtu kwa mwaka, pale ambapo maji yote ya nyumba huingia tangini, na unataka maji yakae humo saa 24 angalau. Chukua nyumba ya watu 10, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku. Maji ya siku ni lita 500, tope la miaka 3 ni lita 1,200; tangi la lita 1,700 linatosha. Mwaka wa 4 ukiisha bila kunyonywa, tope limefika lita 1,600 na maji yamebakiziwa nafasi ya lita 100. Sasa yanapita kwa chini ya saa 5, hayatulii, na yanalibeba tope hadi shimo la kunyonya.

Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Tangi lililojaa huweza kunyonywa siku moja, lakini udongo ulioziba kwa tope ni vigumu kuufungua, na mwenye nyumba hujikuta akitafuta mahali pa kuchimba shimo jingine katika parseli iliyokwisha kujaa nyumba.

Jiografia inazidisha ugumu. Butembo iko juu milimani na ina baridi kuliko Beni, na bakteria wa tangi hufanya kazi polepole zaidi penye baridi. Vipimo vya Beni visinakiliwe Butembo bila kufikiriwa upya. Tena Butembo ni mji wa vilima, wenye mto Kimemi kati yake, na familia nyingi huteka maji kwenye chemchemi za mabondeni. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka shimo la kunyonya liwe mita 30 angalau kutoka chanzo cha maji. Mtelemko mkali unadai hadhari kubwa zaidi, kwa sababu maji yaliyotoka juu bila kusafishwa yanashuka kuelekea ndoo za watu.

Kuna jambo ambalo miji hii ililijua kwa uchungu: klorini. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ndoo za klorini zilisimama milangoni mwa nyumba, maduka na makanisa, na ziliokoa maisha. Ila klorini haichagui bakteria. Kiasi kidogo cha kusafishia choo hakiliharibu tangi. Ndoo nzima za maji makali zikimiminwa humo mara kwa mara, bakteria wanaokula tope hufa na tangi hujaa upesi. Maji ya namna hiyo yatafutiwe shimo lake.

Matunzo yenyewe si magumu. Kifuniko kiachwe mahali panapofikika. Kila mwaka fundi ateremshe mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe hadi chini, auache kidogo, kisha autoe taratibu: alama nyeusi itaonyesha kimo cha tope. Likikaribia kujaza nafasi lililotengewa katika hesabu, linyonywe. Mtu asiingie ndani kamwe, hata tangi likionekana tupu, kwa kuwa gesi yake inaua kwa dakika chache.

Swali gumu zaidi ni tope hilo lipelekwe wapi. Kampala ilijenga kituo cha Lubigi, kilichofunguliwa mwaka 2014, ambako malori ya kunyonya vyoo humwaga mzigo wao ukatibiwa. Kumwaga tope mtoni kunahamisha tu ugonjwa kutoka parseli moja hadi nyingine, na mwenye nyumba mmoja hawezi kujenga kituo. Butembo na Beni zinaweza kuanza kwa hatua ndogo: eneo lililotengwa mbali na chemchemi, tope lichanganywe na chokaa ya kutosha kuua vijidudu kisha lifukiwe kwenye mitaro, na kila lori la kunyonya liandikishwe likionyesha linamwaga wapi.