Fazi na Gitaa Letu

Wenzangu hapa Kampala huicheka pedali yangu ya fazi kwa kuwa ni ya plastiki, tena mtumba. Mimi sioni kasoro hapo. Ndani ya fazi ya kawaida mna transista chache tu zinazokuza mawimbi ya sauti ya gitaa mpaka vilele vyake vikakatwa bapa. Ndio mkwaruzo alioupiga Keith Richards katika “Satisfaction” mwaka 1965. Tena haili umeme: betri moja ya volti 9 hudumu muda mrefu, na anayeishi hosteli ambako taa huzimika ovyo anajua thamani ya hilo.

Kasoro ni namna tunavyoitumia. Gitaa tulilolelewa nalo, la Afrigo Band na la sebene ya Kongo, ni gitaa safi. Moja huuliza, jingine hujibu, na kila nota husikika peke yake. Fazi haiwezi mazungumzo hayo. Ukipiga nota mbili pamoja huzivuruga na kuzaa nyingine ambazo hukuzipiga, na sebene nzima ikawa uji. Nilijaribu kanisani, kabla ubeti wa pili haujaisha mpiga besi alinionyesha ishara nizime.

Bendi ya WITCH ya Zambia, miaka ya 1970, iliielewa vizuri zaidi: fazi ilipewa gitaa la kuongoza, nota moja moja, huku besi na ngoma vikiubeba wimbo. Siku hizi naiwasha mwishoni mwa wimbo tu, kwenye nyuzi mbili nene, mwenzangu akiwa amenyamaza.