Ndani ya Piper Cub: namna ya kuunda upya vilivyopotea

Piper J-3 Cub iliyolala ghalani miaka 30 hupoteza vitu vyake vya ndani kimyakimya, kimoja leo na kingine mwakani. Injini huuzwa mapema kwa sababu ina bei. Mabawa hubaki, maana ni makubwa na yana mahali pa kuning'inizwa. Lakini viti, sakafu, virungu vya wenzo na vibao vya maandishi huondoka bila mtu kuandika popote. Panya hula turubai la viti, mwenye shida ya skrubu huzing'oa, na ubao wa sakafu ulionyonya unyevu hubomoka siku ya kwanza unapokanyagwa. Fundi anayetaka kuifufua hukuta mifupa ya bomba za chuma, matundu yasiyoshika kitu, na vibamba vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba ambavyo havisemi vilikuwa vinabeba nini.

Ndege hii ilitengenezwa Lock Haven, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1947, na karibu 20,000 zilitoka kiwandani. Wingi huo ni nafuu kubwa kwa fundi wa leo. Sehemu nyingi za Cub bado zinatengenezwa kwa idhini ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na hununuliwa dukani kama vipuri vya gari. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu kitengenezwe vipi, huulizwa kama kuna haja ya kukitengeneza. Haja huja pale kinachouzwa kinapokuwa cha toleo la baadaye, au pale ambapo hakuna anayekiuza kabisa. Kiwanda chenyewe si cha kutegemewa kwa hilo. Juni 1972 mafuriko ya kimbunga Agnes yaliingia Lock Haven yakaharibu ndege na vifaa vingi vya uzalishaji, na katika miaka ya 1980 Piper ikauhama mji huo. Kilichobaki pale ni jumba la makumbusho.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya ndege yenyewe, na ni mwepesi kufutika. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuipeleka fremu ikapigwe mchanga wiki ya kwanza, ili kutu iishe na rangi mpya ipigwe. Fremu hurudi inang'aa, na kumbukumbu yote imekwenda na mchanga. Bomba chafu lina mengi ya kusema. Chini ya klampu rangi ya kiwandani hubaki kama ilivyokuwa, kwa sababu jua halikuifikia. Pale ubao wa sakafu ulipogusa chuma, unyevu ulikaa muda mrefu zaidi, ukaacha mstari mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wa ubao ambao haupo tena. Mstari huo ukipimwa kwa rula hutoa mpaka wa sakafu kwa usahihi ambao picha ya zamani haiwezi kuutoa.

Matundu nayo husomwa. Tundu lililotobolewa kabla ya kupaka rangi huwa na rangi hadi kwenye mdomo wake, na lililotobolewa na mwenye ndege wa miaka ya 1960 akifunga redio huonyesha chuma kitupu au kutu iliyoanzia ndani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenga kazi ya kiwanda na kazi ya mtaani. Baada ya kupiga picha kila kona, na futikamba ikionekana ndani ya picha, ndipo mchanga unaruhusiwa.

Ushahidi wa pili ni ndege nyingine za aina hiyo, nao unahitaji tahadhari. Cub nyingi zilitumika katika shule za urubani, zikafunguliwa na kufungwa mara nyingi, kila fundi akiongeza lake. Anayenakili ndege moja iliyofufuliwa vizuri anaweza kuwa ananakili dhana ya fundi aliyemtangulia. Kosa la wa kwanza huigwa na wa pili, na likifika kwa wa tatu limekwisha kuwa "asili". Inafaa kulinganisha ndege mbili au tatu ambazo hazijaguswa sana, hata kama ni mbovu. Mbovu isiyoguswa ina thamani kuliko nzuri iliyopambwa.

Sakafu ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko vyote. Kwa macho ni vipande vya plaiwudi tu, lakini katika Cub sakafu hufanya kazi ya urubani. Watu wawili huketi mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na fimbo yake ya usukani, na fimbo hizo zimeunganishwa kwa bomba linalopita chini. Breki hukanyagwa kwa kisigino, kwa vipedali vidogo vilivyo karibu na pedali za usukani wa mkia. Kisigino cha rubani kinaegemea ubao huo huo kila anapotua. Ndiyo maana hata kipande kilichooza hakitupwi: bonde dogo lililochimbwa na visigino vya miaka mingi huonyesha miguu ilipokaa, na kwa hiyo mahali ambapo ubao mpya haupaswi kuwa na skrubu wala ukingo.

Kiolezo hukatwa kwa kadibodi, vipande vidogovidogo vikiunganishwa kwa gundi ya karatasi ndani ya fremu hadi vijae. Kupima upande wa kushoto na kuugeuza uwe wa kulia ni njia ya mkato inayoadhibu. Fremu hizi zilichomelewa kwa mkono, na milimita chache za tofauti kati ya pande mbili ni jambo la kawaida. Plaiwudi yenyewe iwe ya daraja la ndege, ya mbetula, yenye gundi isiyoshindwa na maji. Ile ya ujenzi huficha matundu kati ya tabaka zake, na tundu likiwa chini ya skrubu, skrubu haina inachoshika. Mafundi wengine huchemsha kipande kidogo cha ubao kabla ya kuukata. Tabaka zikiachana kwenye sufuria, ubao huo hurudi dukani. Vanishi hupigwa baada ya matundu yote kutobolewa, na kingo pamoja na matundu ndivyo hupewa ya kutosha, maana maji huingilia huko na si kwenye uso laini.

Turubai la viti ni habari fupi. Hushonwa kwa uzi imara na kukazwa kwa kamba chini ya fremu ya bomba, na vipimo vyake hutoka kwenye fremu. Kinachowaponza watu ni tamaa ya raha. Cub tupu ina takriban kilo 347, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 553, hivyo mzigo wote hauzidi kilo 206. Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja huchukua 160. Tangi lililojaa, galoni 12 za Kimarekani, ni kilo 33 hivi, na mafuta ya kulainisha injini ni zaidi ya kilo 3. Hubaki kilo 10 kwa makadirio. Sponji nene, zulia, ngozi na vitambaa vya pembeni vinaweza kumeza nusu ya hizo kabla mtu hajaweka mfuko wake nyuma ya kiti. Injini ya nguvu farasi 65 haina ziada ya kusamehe. Kiti kigumu cha kiwandani kilikuwa kigumu kwa sababu.

Sponji na kitambaa vina suala la pili, nalo ni moto. Kanuni za Marekani hutofautisha kitu kisichowaka kwa fujo kinapowashwa na kitu kisichoendeleza mwali baada ya chanzo cha moto kuondolewa. Kinachotakiwa kwa ndege fulani hutegemea kanuni ilizoidhinishiwa. Hata pale kanuni za kale zinapokuwa legevu, hakuna sababu ya kuweka sponji ya godoro la dukani hatua chache nyuma ya tangi la petroli. Kitambaa kinachokuja na hati ya jaribio la moto kinauzwa, na hati hiyo huhifadhiwa pamoja na daftari la ndege. Mikanda ya viti ya zamani, ya pamba, haifufuliwi kwa kuoshwa, hata ikionekana mizima. Hubadilishwa, au hushonwa upya na karakana yenye idhini.

Virungu, vishikio na vifuniko vidogo vya plastiki vimekuwa rahisi tangu printa za tatudimensheni zienee, na urahisi huo umeleta makosa mapya. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na wengi nyumbani, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na ndege iliyofungwa juani hufika huko bila taabu. Kirungu cha wenzo wa mafuta kilichopinda kwa joto kinaweza kugusa kisichotakiwa, na katika Cub wenzo wa mbele na wa nyuma vimeunganishwa kwa fito, kwa hiyo kasoro ya mmoja huzuia wote wawili. Matumizi bora ya printa ni kutoa mfano tu. Mfano huo hufunikwa kwa silikoni ili kupata kalibu, kisha kirungu halisi humiminwa kwa resini ngumu. Kikitakiwa cha alumini, mfano huongezwa kidogo kuliko kipimo cha mwisho, kwani alumini husinyaa kwa zaidi ya asilimia 1 inapopoa. Chombo cha zamani kilichopasuka kinaweza kuwa mfano chenyewe, mradi nyufa zijazwe na kusuguliwa kwanza kwa msasa.

Dashibodi ya Cub ni bamba la alumini lenye vyombo vichache: mwendo, mwinuko, mizunguko ya injini, dira, shinikizo na joto la oili. Bamba lililotobolewa ovyo kwa ajili ya redio haliokolewi kwa viraka, hukatwa jipya. Matundu ya vyombo yana vipimo vya kawaida, inchi 3 1/8 kwa vikubwa na 2 1/4 kwa vidogo, na kuzunguka dira hutumiwa skrubu za shaba zisizovutwa na sumaku. Vyombo vyenyewe vina hatari isiyoonekana. Vingi vya miaka ya 1930 na 1940 vilipakwa namba kwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao umekufa zamani, lakini radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo bado imo karibu yote. Sura ya chombo kama hicho haikwanguliwi wala kupulizwa vumbi lake. Hupelekwa kwa wenye leseni ya kuishughulikia.

Geji ya petroli iko nje lakini husomwa kutoka ndani: waya uliosimama juu ya kifuniko cha tangi, umechomekwa kwenye kizibo kinachoelea. Vizibo vya zamani vilipakwa shelaki, nayo huyeyushwa na petroli iliyochanganywa na alkoholi. Kizibo hunyonya, huzama, na waya hushuka huku tangi limejaa. Anayetaka sura ya zamani hubaki na waya na kubadilisha boya.

Kibao kidogo kinachosema ndege irushwe na mtu mmoja kutoka kiti cha nyuma tu hakimo katika mapambo. Kinatokana na mizani ya ndege na kinadaiwa na hati ya uidhinishaji, A-691 kwa J-3 yenye injini ya Continental ya farasi 65. Bila hicho Cub haijakamilika kisheria, hata iwe nzuri vipi.

Karatasi hufuata mkono. Kanuni ya 21.9 ya FAA humruhusu mwenye ndege kutengeneza sehemu kwa ajili ya ndege yake mwenyewe. Halazimiki kushika msumeno. Ufafanuzi wa FAA wa 1993 unatosheka akishiriki kwa njia moja kati ya tano: kutoa michoro au data, kutoa malighafi, kutoa utaratibu wa utengenezaji, kutoa utaratibu wa ukaguzi wa ubora, au kusimamia kazi mwenyewe. Hawezi kutengeneza ya kuuzia jirani. Malighafi ya zamani ikiwa haipatikani tena, mwongozo AC 23-27 wa 2009 unaeleza namna ya kuthibitisha mbadala kwa ndege za zamani. Fundi mwenye leseni ndiye anayefunga sehemu na kutia saini kwamba inafaa.

Kabla ya saini hiyo ndege hupimwa tena kwenye mizani na hesabu ya uwiano huandikwa upya, kwa kuwa ile ya zamani ilihusu sakafu na viti visivyokuwepo tena. Kisha watu wawili wenye viatu vya kawaida huketi, mbele na nyuma, mikanda ikiwa imefungwa. Wa nyuma huzungusha fimbo polepole hadi kila kona, hukanyaga pedali hadi mwisho na breki pamoja nazo, huku wa tatu akiwa amelala chini na tochi akitazama kila mahali ambapo ubao mpya, turubai au skrubu iko karibu na kebo. Kitu kikigusa popote, sakafu hutolewa na kutiwa tupa.