Afrigo Jukwaani na Suala la Lugha

Darasani husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakishiki Kampala kwa sababu watu hawakielewi. Anayeshikilia hoja hiyo tunamwomba aende kuisikiliza Afrigo Band katika klabu ndogo, si uwanjani. "Obangaina", wimbo uliompatia sifa Rachael Magoola, ni wa Kisoga. Ukianza, Waganda, Wanyankole na Waacholi huinuka wote, na kiitikio hukiimba bila mkalimani. Basi kutoelewa siyo kikwazo.

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya Idi Amin kutangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, "Afrigo Batuuse", mojawapo ya nyimbo zake za awali, ni ya Kiganda. Amri ya serikali haikuingia ukumbini.

Ama muziki wenyewe, saksafoni ya Moses Matovu ndiyo inayoubeba usiku. Haina haraka. Humjibu mwimbaji kama mtu anayezungumza na jirani yake barazani, na chumba kikiwa kidogo unasikia hata pumzi. Kwenye kanda hilo hupotea. Kasoro ni vipaza sauti: katika klabu zetu nyingi hufunguliwa mno hata maneno yakamezwa, jambo linalotuuma sisi watu wa lugha kuliko wachezaji.

Wanafunzi wetu wanaotunga mashairi kwa ajili ya mitihani wangejaribu pia kutunga maneno ya dansi, wayapeleke kwa bendi, yapimwe na watu wanaocheza. Mizani kumi na sita tutawasamehe.