Kaburi la Zamani, Sheria Mpya

Kutunga na kusahihisha mitihani ndiyo kazi iliyonizeesha. Tangu nistaafu, nimepata nafasi ya kuketi na wajukuu zangu kwenye mchezo wao wa mezani, Dungeons & Dragons, ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja husimamia na kusimulia, wengine huigiza wahusika wao, na dadu huamua mambo yenye shaka.

Mkasa ninaotaka kuuhakiki ni Tomb of Horrors. Gygax aliutumia katika mashindano ya mwaka 1975, ukachapishwa 1978, na mwaka 2017 ukatolewa upya kwa sheria za toleo la tano. Ni kaburi lililojaa mitego. Mwisho wa ukumbi wa kuingilia upo uso wa kijani ulioachama kinywa. Aingiaye humo hatoki.

Wapo wasemao kuwa mkasa ni ule ule, zimebadilika hesabu tu. Sikubaliani nao. Mtihani si maswali peke yake, bali pia namna ya kutoa alama. Zamani mhusika aliyejeruhiwa, asipopata uganga, alirudishiwa alama moja ya uhai kwa kila siku ya mapumziko, na sumu mara nyingi iliua kwa dadu moja tu. Katika toleo la tano, mapumziko ya saa nane humrudishia uhai wote, na aliyeanguka kwa kawaida hafi mpaka dadu imkatae mara tatu. Hofu ikipungua, tahadhari nayo hupungua.

Hata hivyo, hilo nalisamehe. Ukali wa zamani ulipita kiasi. Kufa kwa bahati mbaya hakumfundishi mtu kitu. Hasara ya kweli iko kwingine. Zamani mchezaji aliulizwa: unagusa wapi, kwa kutumia nini? Akajibu kwa akili yake. Siku hizi mara nyingi husema, "Natafuta mitego," akarusha dadu, akajumlisha tarakimu iliyo kwenye karatasi ya mhusika wake. Hapo anayetahiniwa ni karatasi, si mtoto.

Sheria mpya hazikatazi swali lile la zamani. Basi kaburi na lichezwe kwa sheria mpya, vijana wasiuawe ovyo. Lakini msimamizi aizuie dadu mpaka mchezaji aseme mkono wake uko wapi.