Giza la Mwezi

Karema na Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, mvuvi wa dagaa hahitaji kalenda ya ukutani. Mbalamwezi ikitanda, taa zake hazivuti samaki tena, anatundika nyavu. Giza likirudi, naye anarudi majini.

Ndiyo maana nawapongeza watunga panchang, almanaka ya Wahindu. Wanahesabu mwezi uleule, ila kwa ukaidi wa mhasibu. Jina lenyewe ni viungo vitano: tithi, siku ya juma, nakshatra, yoga na karana. Tithi ndiyo tamu. Mwezi ukizidi kulitangulia jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. 30 hutimiza mwezi, 15 za kukua na 15 za kufifia. Lakini mwendo wa mwezi haulingani, hivyo tithi huchukua saa 19 hadi 26, na siku huitwa kwa tithi iliyopo jua linapochomoza. Basi ipo tithi inayorukwa, ipo inayorudiwa. (Mweleze hayo karani wa mishahara!)

Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi. Ramadhani huachwa izunguke misimu yote; panchang huongeza mwezi mzima, kwa wastani kila baada ya miezi 32 au 33. Ulipoongezwa 2023, Diwali iliyokuwa 24 Oktoba mwaka uliotangulia ikaangukia 12 Novemba. Nazo taa za Diwali huwashwa usiku wa amavasya, mwezi ukiwa haupo angani, usiku ambao Karema nao huwasha zao ziwani.