Jozi Tatu za Spika

Spika nzuri hazichaguliwi dukani. Dukani kuna kelele za barabarani, kuna muuzaji anayefungulia sauti hadi vioo vitetemeke, tena chumba chenyewe si chako. Fundi ninayemwandika hapa, wa Usinge katika wilaya ya Kaliua, hupokea kazi kwa sharti moja: spika zote zinazoshindaniwa ziletwe nyumbani kwa mtu atakayezisikiliza, zikae humo, na hukumu itolewe humo humo.

Mwenye nyumba safari hii alikuwa mwalimu mstaafu, mlezi wa kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, mtu anayesoma noti kama wengine wanavyosoma gazeti. Anapenda Bach na Mozart, na anaipenda kwaya yake zaidi ya hao wawili. Jozi tatu zilikuwa zimepangwa ukutani. Ya kwanza ilikuwa minara mipya inayomfikia mtu mzima kifuani, iliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa treni. Ya pili ilikuwa visanduku vya mitumba kutoka Uingereza, vyenye urefu wa sentimeta 30 tu. Ya tatu aliitengeneza fundi mwenyewe kwa mbao za mninga wa misitu ya hapa hapa. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuwa mwamuzi wa shindano ambalo na yeye yumo. Niliketi pembeni nikamtazama.

Kabla ya sauti, alitumia macho na vidole. Alivua vitambaa vya mbele, akainamisha tochi na kuzunguka ukingo wa kila koni. Ukingo wa sponji huliwa na joto na miaka, ukaanza kumomonyoka kama mkate mkavu. Ule wa mpira hudumu. Kisha akaweka vidole vinne kwenye koni, vikigawana uzito sawa, akaisukuma ndani kidogo na kuiachia, sikio likiwa karibu. Alikuwa akitafuta mkwaruzo. Ndani ya kila spika kuna koili ya waya mwembamba inayoelea kwenye mwanya finyu wa sumaku, na koili iliyokwenda upande hukwaruza. Mpango huo wa koili, sumaku na koni ulikamilishwa na Rice na Kellogg huko Marekani mwaka 1925, na hadi leo spika nyingi duniani zinaufuata.

Akachukua mita na kupima ukinzani. Spika iliyoandikwa ohm 8 husoma karibu na 6, na kila moja ilisoma kwa kadiri ya maandishi yake. Mwisho akagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za waya. Koni ikaruka mbele. Akafanya hivyo kwa kila spika, na kila moja akaiwekea nukta ya wino kwenye ncha chanya. Kazi hiyo inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayookoa siku. Spika mbili zilizofungwa kinyume, moja ikisukuma hewa wakati mwenziwe anaivuta, humeza besi yote, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati hukosa pa kukaa.

Ndipo akageukia chumba. Alisimama katikati akapiga kofi moja, akanyamaza. Kuta za tofali za kuchoma na sakafu ya saruji zikarudisha mlio mwembamba unaokimbizana. Aliomba mkeka, godoro moja lisimamishwe kwenye kona ya nyuma, na kabati la vitabu lisogezwe hadi ukuta wa pembeni, vitabu vikiwa vimeingizwa kwa kina tofauti. Kila badiliko lilifuatiwa na kofi moja tu. Kofi la mwisho lilikufa mara moja, naye akaridhika bila kusema neno. Hata amplifaya aliiendesha kwa betri ya sola, kwa sababu betri haina ule mngurumo wa hertz 50 unaonyemelea chini ya muziki mtulivu.

Kwa kamba yenye mafundo alipima kutoka kiti cha Mwalimu hadi kila spika, umbali ukawa sawa pande zote mbili. Akazivuta spika mbele, mbali na ukuta wa nyuma, maana ukuta huongeza besi na kona huiongeza zaidi. Zile ndogo alizipandisha juu ya vigoda vya mbao hadi twita zinazotoa milio ya juu zikalingana na masikio ya mtu aliyeketi. Miguu ya kila jozi akaichorea chaki sakafuni, ili kila itakaporudi irudi pale pale.

Rekodi ya kwanza aliyoipiga ilinishangaza. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine ya kurekodia, akakusanya nyimbo za makabila mengi, za Wanyamwezi zikiwamo; rekodi hii ni moja ya hizo. Njia ya misafara ya Tabora hadi Ujiji ilipita katika nchi hii, na wapagazi wake waliitembea wakiimba. Fundi hakuichagua rekodi hiyo kwa sababu ya historia, ingawa Mwalimu alitabasamu alipoisikia. Aliichagua kwa kuwa ni ya mono. Sauti moja ikipita sawasawa katika spika mbili zinazolingana, mwimbaji husimama katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na kitu. Akisogea kushoto au akitanuka kama moshi, kuna kosa la umbali au spika moja hailingani na pacha wake. Kwa minara, mwimbaji alikuwa mpana. Fundi aliigeuza ndani kidogo, upana wa kidole, akarudi kuketi, akasikiliza, akainuka tena. Mwimbaji akakusanyika.

Kisha akalinganisha nguvu ya sauti, hatua ambayo wengi huiruka. Sikio la binadamu hupenda kinachosikika zaidi, hata kwa desibeli moja, na hudhani limependa ubora. Visanduku vile vidogo huhitaji umeme mwingi zaidi kutoa sauti sawa na ya minara, kwa hiyo kuziacha zote kwenye namba ile ile ya amplifaya ni kuzidhulumu. Fundi alipiga kelele laini ya kupimia, akaweka simu yenye programu ya desibeli mahali pa kichwa cha Mwalimu, akaandika daftarini mahali kitufe kiliposimama kwa kila jozi.

Daftari lile lilikuwa na safu tatu: A, B na C. Mbele ya spika akatundika kanga kuukuu, iliyofuliwa hadi ikawa nyepesi, baada ya kuhakikisha kwa kusikiliza mara kadhaa kwamba haipunguzi milio ya juu. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha jinsi hukumu za wasikilizaji zinavyobadilika wanapoziona spika: ukubwa wa kasha na jina lililobandikwa huingia masikioni. Maabara yao ya baadaye ilikuwa na mtambo wa kusogeza spika ili kila moja ichezee mahali pale pale. Usinge mtambo huo ni mikono ya fundi. Alizibeba spika moja moja hadi kwenye alama za chaki, akafunga waya, akasubiri kidogo hata pale ambapo hakuwa amebadilisha chochote, ili Mwalimu asikisie kwa urefu wa kimya.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolistahi kuliko yote. Siku iliyotangulia alikuwa amewarekodi wanakwaya wanne uani, mbali na kuta, ili mwangwi wa nyumba usiingie katika rekodi na kisha kuongezwa tena na chumba. Wanne hao sasa walikuwa sebuleni. Mwimbaji wa besi alisoma aya moja ya Zaburi kwa sauti yake ya kawaida. Alipomaliza, aya ile ile ikatoka nyuma ya kanga. Wahandisi wa BBC walifanya kazi kwa namna hiyo walipobuni spika zao: walitoka studio walikomsikia mtu, wakaingia chumba cha mitambo kumsikiliza tena kupitia spika, wakiulizana ni nini kimebadilika. Maneno ya mtu unayemfahamu ni kipimo kikali. Ngoma inaweza kukudanganya, lakini sauti ya jirani yako unaijua tangu siku nyingi.

"Huyu ana mafua," Mwalimu alisema kuhusu A. Kuhusu C alisema, "Huyu ndiye, isipokuwa neno moja linavimba." Kuhusu B alimgeukia msomaji mwenyewe, akamtazama, akacheka.

A ilikuwa minara. Walipofika kwenye muziki wa orkestra, sababu ikajulikana. Chumba kina upana wa meta 4. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu meta 349 kwa sekunde, hivyo chumba cha upana huo huvimbisha noti zilizo karibu na hertz 44, na waya mnene kuliko zote wa kontrabasi hulia kwenye hertz 41. Minara ilishuka hadi huko, chumba kikaongeza chake, kontrabasi zikawafunika wengine. Ukumbini zingependeza. Fundi aliliandika hilo kwa maneno ya heshima, kwa kuwa kosa ni la ndoa ya spika na chumba.

C ilikuwa kazi ya mikono yake. Alisubiri Mwalimu aende kunywa chai, akaigeuza spika ubavuni na kuanza kuigonga kwa kifundo cha kidole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukingoni mlio ulikuwa mfupi na mkavu; karibu na katikati uliteremka na kurefuka. Hapo akaweka alama ya chaki. Mninga ni mbao tulivu, husinyaa kidogo sana, ndiyo maana milango yake haipindi. Lakini ubao wowote mpana una noti yake, na noti ya huu iliangukia ndani ya sauti ya besi. Waingereza waliobuni visanduku vya aina ya B, vilivyoitwa LS3/5A na kutengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya BBC, walitumia plaiwudi nyembamba na kuibandika lami kwa ndani ili mlio wa kasha uzimike haraka. Fundi huyu hufuata njia nyingine: hukata kipande cha mninga na kukipachika ndani kutoka ubavu hadi ubavu. Hakukiweka katikati kamili, maana nusu mbili zinazolingana zingelia noti moja. Akakibana kwa jiliwa, akafuta gundi iliyochuruzika, akaiacha kesho ifike. Asubuhi alichambua sufi kwa vidole, akitoa mbegu na kulegeza kila bonge, akaijaza nyuma ya koni bila kuishindilia.

Wengine wangeona aibu kurekebisha kazi yao katikati ya shindano, au wangelinyamazia lile neno moja. Yeye alilitendea kama fundi cherehani anavyoutendea mshono uliovuta: aliufumua.

Jioni ile palibaki B na C. Mwalimu aliomba Koncheto ya Klarineti ya Mozart, iliyoandikwa mwaka 1791, miezi michache kabla ya kifo cha mtunzi, na akataka sehemu ya pili, ile ya taratibu. Klarineti nyingi za leo huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka kwa wingi Tanzania na Msumbiji. Kwa hiyo kilichokuwa kikipimwa nyuma ya kanga ni mti wetu, uliokaushwa na kutobolewa Ulaya, ukirudi kama pumzi. Fundi aliipiga dakika moja tu, kwa B, kwa C, tena kwa C, tena kwa B. Alitaka Mwalimu asikilize pale klarineti inapopanda kutoka sauti zake za chini, zenye kiza na unene, hadi zile za juu. Katika spika dhaifu ngazi hiyo huvunjika pale koni inapoipokeza kazi twita, na ala huonekana kubadilishwa njiani. Katika zote mbili ngazi ilikuwa nzima. C ilikuwa na mwili mkubwa zaidi. B ilitoa kitu kidogo sana kabla ya noti: mpigaji akivuta hewa.

Waliirudia rekodi ya kwaya mara ya mwisho. Mwalimu alifumba macho. Kwa C aliitaja kwaya, "Wameimba vizuri." Kwa B alianza kutaja watu: alto wa pili amechelewa kuingia, tena mmoja amegeuza uso kuangalia kitabu.

Fundi akaandika B, akapiga mstari chini yake, akafunua kanga. Mwalimu alipoona ni vile visanduku vidogo, na kwamba alichokikataa ni mninga wa fundi, uso ulimbadilika. "Pole, baba," akasema. "Hapana, Mwalimu," fundi akajibu, "niambie tena ulipowasikia kama kwaya, ulianzia wapi?" Wakakaa pamoja juu ya hilo muda mrefu kuliko walivyokaa juu ya bei.

Hakupokea fedha zote siku hiyo. Alimtaka Mwalimu akae na B hadi mvua zianze, kwa kuwa bati likinyeshewa hakuna spika inayosikika vizuri, na kabla ya hapo kuna jioni nyingi tulivu za kugundua kinachochosha. Alama za chaki akazipitia kwa rangi nyeupe. Jozi yake aliifunga kwenye baiskeli, ubavu wa kushoto ukitazama nje, na juu yake palikuwa tayari na msalaba mdogo wa penseli mahali ambapo kipande cha pili kingepita.